Rangi Salama ya Tangi la Taifa

Kama hujawahi kufika Sawasawa, usijilaumu. Wapo wananchi waliozaliwa kule, wakasoma kule, wakazeekea kule, na bado kila wakisikiliza taarifa ya habari hujiuliza ni nchi gani hiyo inayosifiwa na nauli ya kwenda ni kiasi gani. Mimi nimeishi humo muda mrefu kama mgeni mwenye kibali. Nauza brashi, rola na msasa katika kibanda changu chini ya Tangi la Taifa. Nakula mkate wao, kwa hiyo nitawasifu kadiri ukweli utakavyoniruhusu.

Tangi la Taifa ni tangi la maji. Ni la chuma, limesimama juu ya miguu minne mirefu, na linaonekana kutoka kila mtaa wa mji mkuu. Tangu lijengwe halijawahi kutiwa maji, kwa sababu maji yangeleta unyevu, na unyevu ungeharibu rangi. Wananchi huchota kwenye mtaro unaopita kati ya miguu yake. Redio inasema kwamba wakijitwika ndoo huliona tangi lao huko juu na kiu hupungua.

Kila mwaka, kabla ya Sikukuu ya Taifa, tangi hupakwa upya. Rangi huchaguliwa na Mtukufu Mlezi, kiongozi wa nchi. Mwaka mmoja ilikuwa kijani, mwaka mwingine rangi ya maziwa, kisha zambarau, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa amenunua makochi ya zambarau. Rangi mpya hupakwa juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani ilipakwa juu ya nyingine. Matokeo yake tangi limenenepa. Wataalamu wa serikali walilipima, wakatangaza kuwa unene huo ni dalili ya ustawi. Kuhusu kutu, Sawasawa haina kutu. Ina kitu kinachofanana nayo sana, ambacho katika taarifa rasmi huitwa wekundu wa asili.

Serikali haijawahi kuwapa wapaka rangi jukwaa wala mikanda, kwa hiyo wao wenyewe wana desturi yao. Kila mpaka rangi hujifunga kamba kiunoni. Kamba inapita juu ya boriti, inashuka hadi chini, na huko mwisho wake unashikwa na mtu mmoja. Mtu huyo lazima awe ambaye atalia kweli mwenzake akianguka. Awe mke, mama, dada, ndugu wa tumbo moja. Hawakubali mwingine hata akiwa na nguvu za punda. Kijana asiye na wa kumlilia hapewi brashi, na nimeshahudhuria harusi zilizofungwa mbiombio kabla ya msimu kwa sababu hiyo tu.

Siwatu ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe, Ngwali. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mdomo usiolala. Kamba ilikuwa imemsugua viganja hata akawa anageuza makaa jikoni kwa vidole. Ngwali alikuwa mpaka rangi hodari kuliko wote, lakini kifua chake kilikuwa kimeharibika. Kabla ya kupaka hukwangua magamba yaliyobanduka, na zile rangi za zamani zina sumu. Vumbi lake huingia mapafuni na halitoki. Daktari wa zahanati alimwambia Siwatu bila kuzunguka kwamba msimu mwingine wa vumbi lile utamzika mumewe.

Niliwasikia wakizungumza mbele ya kibanda changu.

"Nitakushikia kamba mpaka lini, Baba Hidaya?"

"Mpaka mikono yako ichoke."

"Mikono haijachoka. Moyo ndio umechoka," Siwatu akasema. "Kila ukikohoa huko juu kamba inatikisika, na mimi nahesabu umekwenda."

Ngwali akacheka, akakohoa, akanunua msasa.

* * *

Mwaka huo akaja Injinia Kokusima. Alikuwa mwenyeji wa Sawasawa aliyesomea rangi ng'ambo, na alikuwa na kasoro moja tu, kwamba alirudi akitaka kusaidia. Alikuja na ndoo mbili, akaomba aonyeshe kazi yake kwenye geti la Wizara ya Sura ya Nchi. Watu wakajaa, maana pale mtu akifanya kazi hadharani hugeuka tamasha.

Alilikwangua geti mpaka chuma kikabaki kitupu. Akapaka safu ya kwanza, nzito, ya kijivu. Ilipokauka akapaka juu yake safu ya buluu. Hiyo nayo ilipokauka akaomba mpira wa maji ya vuguvugu, akapiga. Ile buluu ikavuka kipande kizima kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na kijivu kikabaki mahali pake bila mkwaruzo.

"Safu ya chini inashikana na chuma na kukikinga, haitoki," akaeleza. "Safu ya juu ndiyo rangi yenu. Mkitaka nyingine mnaivua hii kwa pampu mkiwa mmesimama chini, kisha mnapulizia mpya vilevile kutoka chini. Hakuna vumbi. Hakuna mtu wa kupanda."

Siwatu alikuwa mbele kabisa. "Hakuna kabisa, mwanangu?"

"Kabisa, mama. Ila mara ya kwanza lazima rangi zote za zamani ziondolewe mpaka chuma kionekane, watu wakiwa kwenye jukwaa imara na wamevaa barakoa. Mara hiyo moja tu. Na mkikuta chuma kimeoza, mkitengeneze kwanza."

Siwatu akageukia ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku Ngwali aliposhushwa akiwa amezirai.

Waziri wa Sura ya Nchi, Mheshimiwa Dakta Nyangasi Mlangali, alikuwapo. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kwa kazi ngumu ya kukata utepe wa chuo hicho. Aligusa geti kwa kidole, akakinusa kidole, akauliza swali moja.

"Ni salama?"

"Ni salama, Mheshimiwa."

Katika maelezo yote ya yule mama injinia, hilo ndilo neno lililoingia kichwani mwa waziri, labda kwa sababu nafasi iliyokuwapo ilitosha moja tu. Akaondoka nalo.

* * *

Bunge la Sawasawa lilijadili rangi ile kwa moto usio wa kawaida. Wabunge waliona matatizo mawili. La kwanza ni kukwangua mpaka chuma. Ukikwangua hadi huko, wakasema, unakiri kwamba chini yake kuna kitu, na serikali haijawahi kuwa na kitu chini yake. La pili lilikuwa zito zaidi. Ikiwa hakuna atakayepanda, Mtukufu Mlezi ataangalia nini? Ana darubini aliyoagiza maalumu kwa ajili ya kuwatazama watu wakining'inia. Mbunge mmoja alisema, akilengwalengwa na machozi, kwamba sherehe bila mtu hewani ni kikao cha wazazi.

Ikapitishwa Sheria ya Rangi Salama. Rangi ya injinia itumike, safu zote mbili, lakini ipulizwe juu ya zile za zamani bila kukwangua. Siku ya sikukuu Mtukufu atafungua pampu mwenyewe ili rangi ivuke mbele ya umma. Wapaka rangi wapande kama kawaida, kwa heshima ya siku. Kisha Dakta Mlangali akasimama kueleza kifungu cha mwisho, ambacho alikitunga yeye.

"Waheshimiwa, kamba ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya usalama. Na usalama sasa uko wapi? Uko kwenye rangi. Mtu anayesimama juu ya rangi salama huku amejifunga kamba anaitukana rangi. Anamtukana aliyeiidhinisha. Na nasema hili kwa uchungu, anamtukana Mtukufu Mlezi, aliyeichagua iwe ya chungwa. Kwa hiyo kamba zote zikusanywe, na yeyote atakayeonyesha kuiogopa rangi salama afungwe."

Walipiga makofi mpaka mwenyekiti akawaomba wabakishe mengine ya hotuba ya jioni.

Injinia alikwenda wizarani kueleza kwamba rangi yake inawasalimisha watu kwa kuwaacha chini. Walimsikiliza kwa adabu, wakamvisha nishani. Pamoja na nishani wakampa onyo kwamba rangi sasa ni mali ya taifa, na kuizungumzia ni kutoa siri za taifa. Alikuja kukaa kwenye benchi la kibanda changu, nishani mapajani, akanywa soda yangu. Nilimhurumia kwa dhati. Inachosha sana kumweleza mtu jambo rahisi wakati mshahara wake unategemea asilielewe.

Malori yakapita kukusanya kamba. Siwatu hakuitoa yake mpaka askari wawili walipoivuta. Siku ileile akaenda kwa waziri, na kwa kuwa mlinzi alikuwa mteja wangu, aliruhusiwa kuingia nami nikiwa nyuma yake na sampuli za brashi.

"Mheshimiwa," Siwatu akasema, "mume wangu hataanguka kutoka kwenye rangi. Ataanguka kutoka kwenye tangi."

"Mama," waziri akajibu kwa upole, "unatenganisha vitu ambavyo serikali imeviunganisha."

"Hujawahi kupanda pale. Ngazi yenyewe inayumba."

"Iliyumba. Ilikuwa chini ya utaratibu wa zamani. Tena nakupongeza. Mumeo ndiye aliyeteuliwa kufika juu kabisa na kupunga bendera. Wenzake wamepewa miguu tu."

Siwatu akauliza, "Una mke, Mheshimiwa?"

"Ninaye."

"Angekuwa mimi angekwambia nini?"

Waziri akaangalia saa yake, akasema hilo ni swali la kisera na atalitafakari.

* * *

Siku ya sikukuu tangi lilikuwa limewiva kama chungwa. Jukwaa la viongozi lilikuwa chini yake hasa, ili Mtukufu asilazimike kupinda shingo sana. Ngwali akapanda ngazi na bendera yake, polepole, akisimama kukohoa. Siwatu alikwenda kusimama mahali pake pa siku zote, kwenye mguu wa kusini, mikono ameinyoosha mbele kana kwamba ameshika kitu. Wanawake wengine nao walisimama kila mmoja mahali pake, mikono mitupu. Redio ilitangaza kuwa akina mama walikuwa wakiomba dua.

Ngwali alifika juu, akapunga. Mtukufu akatazama kwa darubini, akaridhika, akafungua pampu.

Rangi ilivuka vizuri sana. Injinia alikuwa ameitengeneza kwa uangalifu, na safu ya kijivu ilishikana na kilichokuwa chini yake kama ilivyotakiwa. Lakini kilichokuwa chini yake hakikuwa chuma. Ilikuwa zambarau, na maziwa, na kijani, na rangi za enzi za mawaziri waliokwishasahaulika, na hizo zote hazikuwa zimeshikana na chochote. Likaanza kubanduka pande moja, kisha jingine, mapande makubwa kama maturubai ya lori, yakashuka taratibu na kulifunika jukwaa lote la viongozi. Nilisikia bendi ikiendelea kupiga huko chini kwa chini.

Hapo ndipo tulipoliona Tangi la Taifa kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na matundu kiasi kwamba mawingu ya upande wa pili yalionekana yakipita. Ngazi nayo ilikuwa imebaki kwa hisani ya rangi tu. Ilipovuka rangi, vidato vikadondoka kimoja baada ya kingine. Wapaka rangi waliokuwa kwenye miguu ya tangi waliteleza na kuchubuka, wakafika chini wazima. Ngwali alibaki peke yake huko juu, amepakata boriti kuu, ambayo kwa bahati ilikuwa nene na bado nzima.

Viongozi walitoka chini ya rangi wakitambaa. Mtukufu alikimbizwa kwenye hema lake akasuguliwe. Dakta Mlangali, nusu chungwa nusu zambarau, akakishika kipaza sauti.

"Awamu ya kwanza," akasema, "imefanikiwa."

Siwatu akamfuata. "Mheshimiwa, mshusheni mume wangu."

"Ashuke kwa nini? Yuko mahali salama kisheria."

"Nipe kamba yangu."

"Mama, kuomba kamba ni kukiri kuna hatari. Hatari hiyo haipo mpaka bunge liketi, na bunge liko mapumziko ya sikukuu. Mume wako avumilie. Nchi inamwangalia."

Nchi ilikuwa inamwangalia kweli, na wengine walikuwa wameshaanza kununua karanga. Nimewauzia brashi wapumbavu wa kila cheo na sijawahi kuinua sauti, lakini pale nilitamani kumtapikia yule bwana kwenye viatu. Aliposema neno "avumilie" alikuwa amekaa kivulini, na mtu anamwongezea barafu kwenye glasi yake.

Siwatu hakutapika wala hakulia. Aliinama akaokota ukanda mrefu wa rangi iliyoanguka, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukukatika. Akamgeukia Injinia Kokusima, aliyekuwa amesimama kati ya watu na nishani yake.

"Inabeba mtu?"

Injinia aliwaangalia askari, akaangalia juu. Kisha akavunja siri ya taifa. "Mkisuka mikanda mitatu pamoja, inabeba. Safu ile ya kijivu ndiyo yenye nguvu, hakikisheni imo."

Washika kamba wote wakaketi chini, wakachana mapande, wakaanza kusuka kama wanavyosuka ukili wa mikeka. Vidole vyao vilikwenda mbio. Askari mmoja akaja na kirungu, akasema kamba ni marufuku.

"Hii si ndiyo rangi salama?" Siwatu akamuuliza bila kuinua macho. "Au unaiogopa, afande?"

Askari akakumbuka adhabu ya kuiogopa. Alirudi nyuma na kutusaidia kuwasogeza wanaokula karanga.

Walisuka mpaka jua likapita utosini. Ngwali alikuwa ameacha kupunga. Alikuwa amelaza shavu juu ya boriti, na kila akikohoa watu wote waliinua vichwa. Ukanda mmoja wa rangi ulikuwa bado unaning'inia kutoka juu hadi karibu na ardhi. Siwatu akafunga kamba yake kwenye ncha ya ukanda ule, akaita.

"Baba Hidaya. Vuta."

Ngwali akavuta kidogokidogo. Akaipitisha juu ya boriti, akajifunga kiunoni. Upande wa chini Siwatu aliizungusha kwenye mguu wa tangi, akakita visigino, akamwambia aachie boriti. Wenzake walitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alimteremsha mwenyewe, shubiri kwa shubiri, midomo ameiuma, mpaka miguu ya Ngwali ilipogusa udongo.

Alimpapasa mabega, mgongo, kifua. "Umekonda," akasema.

"Nimekaa nusu siku tu, mke wangu."

"Umekonda," akarudia, akamshika mkono kwa nguvu.

* * *

Mahali pengine hadithi ingeishia hapo, lakini Sawasawa ina viongozi. Dakta Mlangali alikuja na wapiga picha wake.

"Mmeshuhudia," akatangaza. "Kumbe rangi hii humpandisha mtu na kumshusha pia. Ndugu Ngwali, hongera. Sasa kuna jambo dogo. Mtukufu alikuwa anasuguliwa, hakuona. Anaomba urudie."

Ngwali alifungua mdomo, akakohoa.

Siwatu alimwachia mumewe mkono, akaokota ncha ya kamba, akamwendea waziri, na kabla hajaelewa akawa amemfunga kiunoni fundo zuri la wapaka rangi.

"Mume wangu amechoka," akasema. "Tena ukipanda wewe, Mheshimiwa, Mtukufu atafurahi zaidi. Kamba hii ni ya rangi, kwa hiyo ni halali, na huwezi kuiogopa. Tutakuvuta mpaka juu."

Wapiga picha wakamgeukia waziri. Watu wakaacha karanga. Yeye akatabasamu, kwa sababu ndivyo uso wake ulivyofundishwa kufanya mbele ya kamera.

"Ila desturi yetu unaijua," Siwatu akaendelea. "Nani atakushikia?"

Waziri akageuka. Mkewe alikuwa ameondoka zamani kwenda kuosha nywele. Dereva wake alikuwa anakagua gurudumu ambalo halikuwa na tatizo. Mawaziri wenzake walikuwa wakitazama viatu vyao, na kaka yake, ambaye yeye ndiye aliyempa ukurugenzi, alikuwa amejificha nyuma ya bendi.

"Nitamshikia mimi," sauti ikasema.

Alikuwa Naibu Waziri wa Sura ya Nchi. Alikuwa ameshavua koti, anakunja mikono ya shati, anatemea mate viganja, mchangamfu kama mtu aliyeitwa mezani.

Dakta Mlangali alimtazama naibu wake. Akaitazama boriti. Akamtazama naibu tena, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akatangaza kwa sauti iliyokwaruza kwamba muda wa Mtukufu ni wa thamani na sherehe imefungwa. Mwandishi mmoja akauliza kama sheria imefutwa, akajibiwa kuwa imetekelezwa kikamilifu.

Watu walianza kutawanyika. Waziri alibaki pale akihangaika na fundo, maana fundo lile halifunguki kwa kuvutwa. Naibu wake alijitolea tena kumsaidia, akakatazwa asisogee. Mwishowe Siwatu alirudi, akalifungua yeye.

"Pole sana, Mheshimiwa," akamwambia, na kejeli sikuisikia kabisa katika sauti yake. "Sikujua kama huna mtu."

Akaikunja kamba, akaitupia begani, akaenda na mumewe nyumbani.